Ghala Kabla ya Mkuki: Mbinu za Kuiundia Jeshi Dola Changa katika Riwaya

Kila anayetunga riwaya ya fantasia hufika mahali ambapo mfalme wake mpya anahitaji jeshi. Dola ina umri wa miaka miwili, ukuta wa mji mkuu haujakamilika, na adui yuko mpakani. Hapo ndipo kalamu nyingi huteleza. Sura inayofuata inafunguka na askari elfu hamsini waliovaa deraya, farasi wameshiba, na hakuna anayeuliza watu hao wamekula nini tangu jana. Msomaji makini anauliza. Akishaona kwamba jeshi linaweza kuchomoza popote na wakati wowote, hofu inamtoka, kwa maana mfalme asiyepungukiwa na kitu halazimiki kuchagua lolote.

Sisi wa Kiswahili si wageni wa nchi za kubuni; Shaaban Robert alitupa Kusadikika tangu mwaka 1951. Anayejenga nchi yake leo, iwe ya riwaya, ya katuni au ya mchezo wa kompyuta, ana historia tele ya kujifunzia, na nyingine imetokea hapa hapa kwetu. Ushauri wangu ni mmoja: anza na chakula. Idadi ya askari, majira ya vita, njia watakayopita, hata namna mfalme atakavyoanguka, vyote hutoka ghalani.

1. Hesabu kaya kwanza, askari baadaye

Usianze kwa kusema mfalme ana askari wangapi. Anza na raia. Tuseme dola yako ina watu 50,000. Kwa watu watano kila kaya, hizo ni kaya 10,000. Kaya moja inavuna kilo 1,300 za nafaka kwa mwaka. Kilo 1,000 zinaliwa nyumbani, 100 zinawekwa mbegu, zinabaki 200 za kuuza, kuoza, kukopeshana na kukabili mwaka wa ukame. Mfalme akichukua robo ya ziada hiyo, kila kaya inatoa kilo 50, na ghala lake linapata tani 500.

Askari wa kudumu halimi. Yeye, mkewe na wanawe wanahitaji kama tani moja kwa mwaka. Kwa hiyo tani 500 zinalisha askari 500, yaani mtu mmoja katika kila mia. Hesabu ya namna hii, ukiifanya kwa dola yoyote inayolima kwa jembe la mkono, itakurudisha karibu na hapo hapo. Ukitaka askari 2,000 wa kudumu, mfalme inabidi amalize ziada yote ya wakulima, na mwaka wa kwanza wa ukame utakuwa mwaka wa maasi. Huo ni mgogoro halali wa riwaya. Uchague kwa makusudi, usikuangukie kwa bahati mbaya.

Kumbuka pia kwamba dola changa haina orodha ya kaya, haina watoza kodi wazoefu, na wazee wa vijiji bado hawajaamua kama huyu mfalme ni wa kudumu. Punguza makadirio yako. Mwaka wa kwanza, ghala likipata nusu ya linachostahili, mfalme ashukuru.

2. Amua askari wanatoka wapi

Kuna njia nne kuu, na kila moja ina gharama yake.

*Rika.* Shaka, aliyewatawala Wazulu tangu karibu mwaka 1816 hadi alipouawa mwaka 1828, aliwapanga vijana kwa rika katika vikosi vilivyokaa kwenye kambi za kifalme. Walichunga ng'ombe wa mfalme na kula kutokana nao, na ruhusa ya kuoa ilitoka kwake. Jeshi likiondoka, wavulana walifuata wakibeba mikeka na vyombo vya kupikia. Wangoni waliondoka kusini na mpango huo huo: Zwangendaba alivuka Zambezi na watu wake Novemba 1835, wakawa wanawaingiza vijana mateka katika vikosi vyao kila walikopita, hadi wakafika Ufipa wakiwa taifa kubwa kuliko lililoanza safari. Gharama zake ni mbili. Vijana maelfu waliozuiwa kuoa hawakai kimya milele, na jeshi linalokula ng'ombe na nafaka ya wengine lazima liendelee kusonga.

*Zamu.* Mfalme Alfred wa Wessex, Uingereza ya kusini, alivamiwa na Wadenmark katikati ya majira ya baridi mwaka 878, akakimbilia vinamasi vya Athelney kabla ya kurudi na kushinda vita vya Edington mwaka huo huo. Baadaye alipanga upya ulinzi wa nchi: nusu ya wapiganaji nyumbani, nusu vitani, na wengine wa kulinda miji yenye ngome. Shamba halikukosa mtu, na adui hakukuta nchi tupu. Lakini tazama kilichotokea mwaka 893. Kikosi kimoja kiliwazingira Wadenmark kwenye kisiwa cha mtoni, adui kabanwa, kiongozi wao kajeruhiwa hawezi kusafirishwa. Halafu chakula cha wazingiraji kikaisha na zamu yao ikaisha. Wakafunga mizigo wakarudi makwao, wakati kikosi cha kuwapokea kiko njiani. Hakuna msaliti hapo wala mwoga. Ni kalenda tu, na inaandika sura nzuri kuliko usaliti wa kubuni.

Uingereza hiyo hiyo ilikuwa na utaratibu mwingine unaofaa kuigwa. Huko Berkshire, kabla ya mwaka 1066, kila vipande vitano vya ardhi, kimoja kikikadiriwa kutosha kaya moja, vilitoa askari mmoja, na kila kipande kilimchangia shilingi nne za matumizi ya miezi miwili. Watano wanamgharamia mmoja. Ukiuandika utaratibu huu katika dola yako, mara moja unapata wahusika: anayekwenda, wanaochanga, na mjane anayedaiwa mchango wa mume aliyezikwa.

*Waliokatika na koo zao.* Mirambo alirithi utemi mdogo wa Uyowa katika Unyamwezi, na ndani ya miaka michache akajenga dola iliyowatikisa wafanyabiashara wa Tabora. Nguvu yake ilikuwa rugaruga: vijana, wengi wao mateka wa vita, watoro wa misafara na watu wasio na ukoo wa kuwarudisha nyumbani. Mtu wa namna hiyo hana zamu inayokwisha. Baba yake ni mtemi, urithi wake ni ngawira. Kwa dola changa hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu utii wote umefungwa kwa mtu mmoja.

*Mamluki.* Masultani wa Oman na Zanzibar waliweka Wabulushi katika ngome zao, ikiwemo Fort Jesus ya Mombasa baada ya Sayyid Said kuitwaa mwaka 1837. Askari wa mbali hana shemeji mjini wa kumhurumia. Lakini mshahara ukichelewa, ngome unayolipia inakuwa yake.

Chagua njia mbili, si zote nne. Kikosi kidogo cha kudumu kinachomlinda mfalme, na wakulima wa zamu wanaoitwa vita ikija: hicho ndicho kiasi ambacho dola ya miaka miwili inaweza kubeba. Kisha onyesha makundi hayo mawili yakidharauliana jikoni na kambini.

3. Lipa kwa ulicho nacho

Dola changa mara nyingi haina sarafu yake. Ina ardhi, mifugo, wanawali wa kuozesha, vyeo, na njia ambazo wengine wanataka kupita. Njia ndiyo hazina inayosahauliwa na watunzi. Mirambo alikaa kwenye barabara ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, na kila aliyepita alilipa hongo, yaani ushuru wa njia. Nguo, shanga na baruti zilizotoka kwenye hongo ndizo zilizolipa askari. Mwaka 1871 alipoifunga barabara hiyo, Waarabu wa Tabora walimwendea na jeshi kubwa, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akaandamana nao.

Kilichofuata kinastahili kusomwa polepole na kila mwandishi wa vita. Kikosi cha Waarabu kilikiteka kijiji kimoja cha Mirambo, kikakusanya pembe za ndovu na mateka, kikaanza kurudi kikiwa kimelemewa na mali. Mirambo na watu wake walikuwa wamejificha kwenye majani marefu kando ya njia. Washindi wa asubuhi wakachinjwa wakiwa na mizigo mabegani, na waliosalia wakatawanyika kuelekea Tabora. Ngawira ni mshahara, lakini pia ni uzito. Jeshi linalolipwa kwa kupora halikimbii vizuri.

Basi jiulize: askari wako analipwa lini, kabla ya vita au baada yake? Akilipwa baada, atapigana kwa bidii na kusambaratika mara mji unapoanguka. Akilipwa kabla, ghala lazima liwe limejaa kabla adui hajaonekana.

4. Mpagazi naye anakula

Katika misafara ya zamani ya bara letu, posho ya mtu ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Kwa hesabu rahisi tuseme kila mtu anakula kilo moja kwa siku, na mpagazi anabeba kilo 30.

Mfalme wako anapeleka askari 1,000 kwenye mji ulio umbali wa siku kumi, kupitia pori lisilo na vijiji. Anataka kuuhusuru mji huo siku kumi, kisha arudi. Jumla ni siku 30, na askari peke yao watakula tani 30. Kila askari, pamoja na silaha zake, anaweza kujibebea kilo kumi. Zinabaki tani 20. Jibu la haraka ni kuongeza wapagazi. Lakini mpagazi akiwa safarini siku 30 anamaliza kilo zake zote 30 mwenyewe. Ongeza mia, ongeza elfu: hakuna hata punje moja inayomfikia askari.

Mfalme mwenye akili anajenga ghala la njiani, siku tano kutoka nyumbani. Mpagazi anayekwenda siku tano na kurudi siku tano anakula kilo kumi, anaacha ishirini. Askari wakifika hapo wanajaza tena mikoba yao. Hata hivyo wanafika mji wa adui wakiwa na chakula cha siku tano, ambacho ndicho cha kurudia ghalani. Siku za kuuzingira mji: sifuri. Ili wakae siku kumi, tani kumi lazima zibebwe kutoka ghala la njiani hadi malangoni, na kazi hiyo inataka wapagazi 500 wanaoondoka ghalani na tani 15.

Ukijumlisha yote, ghala la njiani linahitaji tani 25: hizo 15 za wapagazi, tano za askari wakienda, tano wakirudi. Kuzifikisha hapo ni safari 1,250 za mpagazi. Ukiwa na wapagazi 250, kila mmoja anakwenda mara tano, na kazi inachukua siku 50 kabla askari wa kwanza hajavuka mpaka. Nyumbani zimetoka tani 47 na nusu kwa ajili ya watu watakaokula 30. Hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya kodi yote ya mwaka ya dola ile ya watu 50,000, kwa mzingiro wa siku kumi tu.

Sasa tazama riwaya inavyojiandika. Kwa siku 50 watu wanapita porini na mizigo kichwani, kwa hiyo adui atajua. Atawahi kulichoma ghala, au atalivizia, au atamhonga mlinzi wake. Shujaa wako anaweza kuwa msichana anayehesabu vibaba na kugundua kwamba karani anaiba. Vita vyote vinaweza kuamuliwa siku tano kutoka uwanja wa vita, na msomaji ataelewa kwa nini.

Wala usiwapuuze wapagazi wenyewe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani waliopigana Afrika Mashariki walitegemea vichwa na mabega ya watu kwa sababu mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Riwaya inayowataja majemadari tu imewasahau watu walioubeba ushindi.

5. Tafuta mto, ng'ombe na majira

Njia za kuipunguza hesabu hiyo ni chache. Ya kwanza ni maji. Mashua inayobeba tani moja na wapiga makasia watano, kwa siku 30 inakula kilo 150 na kufikisha 850. Ndiyo maana ramani nzuri ya dola ya kubuni huanza kuchorwa na mito na maziwa, kisha miji, kisha barabara. Ya pili ni ng'ombe, chakula kinachojitembeza. Nacho kinataka maji, malisho na nchi isiyo na mbung'o. Ya tatu ni kula kwa wenyeji, na hapo jeshi haliwezi kukaa: nchi ikishaliwa, lazima lihame au lipigane.

Menelik wa Ethiopia na Jenerali Baratieri wa Italia walitazamana karibu na Adwa mapema mwaka 1896, kila mmoja akisubiri njaa imshike mwenzake. Jeshi la Menelik, watu kama laki moja, lilikuwa limemaliza vyakula vya eneo lile na lilikaribia kuvunja kambi. Akiba ya Waitaliano nayo ilikuwa ya siku chache. Baratieri, akisukumwa na Roma na majenerali wake, akashindwa kuvumilia. Akaamuru jeshi lisonge usiku, na tarehe 1 Machi likasambaratishwa. Wiki chache nyuma, huko Mekelle, Malkia Taytu alikuwa ameongoza hatua ya kuwakatia maji Waitaliano ngomeni mwao, na ngome ikasalimu amri.

Kwa hiyo panga vita kwa kalenda ya mkulima. Wakulima wa zamu hawaitiki wakati wa kupalilia. Masika hufunga njia. Baada ya mavuno ghala limejaa, mito imepungua, na vijana hawana kazi: huo ndio msimu wa vita, na kila mtu katika dola yako anaujua, adui akiwemo.

6. Chuma kinatoka wapi?

Askari mwenye mkuki anahitaji mhunzi, mhunzi anahitaji mkaa, mkaa unahitaji msitu. Ipe dola yako mlima mmoja wenye chuma na kijiji kimoja cha wahunzi, kisha fanya kila mtu akitake. Silaha ikitoka nje, mwenye bandari ana sauti katika baraza lako la vita hata kama hajaalikwa. Samori Touré wa Afrika Magharibi, aliyewapinga Wafaransa hadi alipokamatwa mwaka 1898, aliliona hilo: mamia ya wahunzi wake walijifunza kutengeneza bunduki za kisasa wakiiga za Ulaya. Walifanikiwa kuunda bunduki, lakini risasi na baruti zilibaki shida kubwa. Kitu kidogo kinachokwisha ndicho huangusha dola.

7. Uchawi uwe na tumbo

Joka ni mnyama, na mnyama hula. Likila ng'ombe mmoja kwa siku, ni ng'ombe 365 kwa mwaka. Ukichukua mmoja katika kila kumi bila kulimaliza zizi, unahitaji kundi la ng'ombe 3,650 na malisho yao, pamoja na wachungaji wasiolikimbia. Sasa joka limekuwa swali la kisiasa: ni bonde la nani litakalonyang'anywa?

Mchawi anayeweza kuumba chakula naye ana athari zake. Huyo ana nguvu kuliko mfalme, na kila dola jirani itataka kumteka. Mpe kikomo, au mpe kiti cha enzi. Uchawi unaofuta njaa bila malipo unafuta pia riwaya.

8. Fikiria siku ya baada ya ushindi

Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake ikaanza kumeguka, kwa maana rugaruga walimtii yeye, si kiti chake. Mwezi huo huo alifariki Nyungu ya Mawe wa Ukimbu, mtemi mwingine aliyejenga dola kwa rugaruga. Lakini Nyungu alikuwa amewaweka watwale, maofisa wake, kusimamia maeneo aliyoyateka na kumpelekea pembe za ndovu. Binti yake Mgalula akamrithi, na dola ikadumu hadi Wajerumani walipoivunja miaka ya 1890. Watu wawili, zama moja, askari wa aina moja; tofauti ni kwamba mmoja aliacha watu wa kusimamia ghala.

Kabla hujaandika sura ya vita, kaa na karatasi ujibu maswali haya: kaya ni ngapi na zinabakiza nini? Nani analima askari akiondoka? Analipwa nini, na lini? Ghala la njiani liko wapi, na nani ana ufunguo? Chuma kinatoka kwa nani? Mfalme akifa usiku huu, askari watamtii nani asubuhi? Jeshi lenye majibu hayo, hata likiwa la watu mia tatu, litamkosesha msomaji usingizi kuliko laki moja waliotoka hewani.